Hesabu ya Mpanda Baiskeli na Njia ya Ndanda hadi Pwani

Watungaji wa vitabu vya Hisabati wanampenda sana mpanda baiskeli. Aghalabu humkosi katika kitabu cha shule ya msingi. Anaondoka mji A saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anakwenda kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na mwanafunzi anatakiwa kusema atafika saa ngapi mji B ulio umbali wa kilomita 50. Mwanafunzi anagawanya, anapata saa 3 na dakika 20, na anajibu kwamba atafika saa nne kasoro dakika kumi. Mwalimu anatia alama ya vema, na wote wawili wanaendelea na swali la pili. Mpanda baiskeli huyo hachoki, hanywi maji, hapati pancha, hapandi mlima, wala hakutani na mtu wa kumsalimu.

Sisemi kwamba swali hilo liondolewe. Kugawanya umbali kwa mwendo ni ujuzi ambao mtoto hana budi kuupata, nao haupatikani ila kwa mazoezi. Ninachopinga ni desturi ya kuliacha swali pale lilipokomea kitabuni, hali barabara yenyewe inapita mbele ya shule na baiskeli zenyewe zimeegemezwa chini ya miembe. Maoni yangu ni kwamba mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Ndanda, Masasi au Newala yafaa alichukue swali hilo, alipe majina ya kweli, na kuwaachia wanafunzi wa darasa la tano au la sita wapange safari nzima ya baiskeli kutoka Ndanda hadi pwani. Kazi hiyo ichukue majuma matatu hivi, ikigawana vipindi vya Hisabati na vya Jiografia na Mazingira. Mpango ukiisha kukamilika, waufuate watu wazima, yaani wanachuo wenyewe, katika likizo ya mwezi wa Juni, ili watoto wapate kujua kama hesabu zao zilikuwa za kweli.

Jambo la kwanza ni kuchagua pa kwenda. Kwa mtu wa Ndanda pwani ni zaidi ya moja. Lipo bonde la mto Lukuledi, ambalo barabara hulifuata kupitia Nanganga, Nyangao, Mtama na Mingoyo hadi Lindi. Mwendo wote ni kilomita 100 na zaidi kidogo. Ipo Mikindani, na Mtwara ng'ambo yake kidogo, ambako msafiri huiacha njia ya Lindi pale Mingoyo na kushika upande wa kulia. Ipo Kilwa, iliyo mbali kabisa, kwani kutoka Lindi hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 190 nyingine. Kundi lolote la watoto likipewa ramani litakuta pia njia ya nne: kupanda juu ya uwanda wa Makonde, kufika Newala, kisha kupita Tandahimba hadi Mtwara.

Nashauri mwalimu asiifute njia hiyo ya nne upesi. Katika ramani iliyobandikwa ukutani nchi yote ni tambarare, na njia ya uwandani huonekana nzuri kama nyingine. Mtoto wa Ndanda anayeiona genge la uwanda kila siku akitoka nje ya nyumba yao anaweza, akiwa mbele ya ramani, kusahau kabisa kwamba genge hilo lipo. Hapo ndipo mahali pa kumfundisha kusoma ramani. Apewe uzi, aupitishe juu ya barabara akifuata kona zake zote, aunyoshe juu ya kipimo cha ramani na kupata kilomita. Kisha atoke nje, alitazame genge, na aulizwe: je, uzi wako uliliona hilo? Katika ramani ambayo sentimita 1 ni kilomita 10, unene wa uzi wenyewe unaficha mlima mzima ambao mtu ataupanda akiikokota baiskeli kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa au pungufu.

Juu ya uwanda kuna neno zito kuliko mlima, nalo ni maji. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Mvua ikinyesha hunywewa chini, na maji hayo huja kutokea tena kwenye chemchemi zilizo chini ya genge. Ndiyo sababu Ndanda ina maji, na ndiyo sababu watu wa juu, kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza kupampu maji kuyapeleka uwandani katika miaka ya 1950, walikuwa wakishuka mabondeni na kupanda tena wakiwa na mitungi vichwani. Kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya wanawake. Mwalimu aliye katika shule ya Newala atapata bibi wa kuja darasani kueleza alivyosimuliwa na mama yake: waliondoka saa ngapi, walirudi saa ngapi, na mtungi mmoja ulitosha watu wangapi kwa siku ngapi. Hiyo ni hesabu ya safari iliyofanywa kwa ukamilifu na watu ambao hawakuandika hata tarakimu moja.

Nalisema hili kwa sababu nyingine pia. Baiskeli katika vijiji vyetu aghalabu ni mali ya baba, na mtoto anayetumwa nayo dukani au kwenye mashine ya kusaga ni wa kiume. Mwalimu akianza somo kwa kuuliza habari za baiskeli, wavulana watajibu na wasichana watanyamaza. Akianza kwa kuuliza ndoo ya lita 20 ina uzito gani na mtu anaweza kuibeba mwendo gani bila kupumzika, atasikia sauti nyingine. Mtu mzima anayeendesha baiskeli juani anahitaji maji kati ya nusu lita na lita moja kwa kila saa. Tukishika robo tatu ya lita, safari ya saa 5 na dakika 20 inahitaji lita 4 kwa kila mtu, nazo ni kilo 4 juu ya karia kabla ya kufunga nguo, unga na mkeka. Je, zibebwe zote tangu asubuhi, au zibebwe mbili na nyingine zijazwe njiani? Na kama ni njiani, ni kijiji gani chenye bomba au kisima, na je, mwezi wa Juni kisima hicho kina maji? Swali kama hilo halijibiwi na kitabu.

Wengine wamezoea kuligawa darasa katika kamati: kamati ya maji, kamati ya chakula, kamati ya matengenezo, na kadhalika. Katika shughuli za shule kamati ni nzuri, lakini katika kazi hii sizipendi. Maji hubadili uzito wa mzigo. Mzigo hubadili mwendo. Mwendo hubadili saa ya kufika. Saa ya kufika hubadili mahali pa kulala. Na mahali pa kulala hurudi kubadili kiasi cha maji cha kesho yake. Mtoto aliyewekwa kwenye kamati ya chakula hataliona hilo hata siku moja. Afadhali darasa ligawanywe katika makundi ya watu wanane wanane, na kila kundi lipange safari nzima ya kwenda mahali pamoja, moja Lindi, jingine Mikindani, jingine Mtwara kwa njia ya Newala, kisha makundi yaulizane maswali mbele ya darasa. Hata darasa la watoto 80 laweza kufanya hivyo chini ya miti.

Sasa turudi kwenye zile kilomita 15 kwa saa. Zimetoka wapi? Watoto wazitafute za kwao. Ichukuliwe baiskeli kubwa ya gurudumu la inchi 28, ifungwe kitambaa chekundu kwenye spoku moja, na kwanza wapime kwa futi kamba gurudumu likizunguka mara moja hufika wapi. Watapata mita 2.2 hivi, maana yake mizunguko 455 ni kilomita moja. Kisha waikokote baiskeli katika njia ya kijijini, mmoja akihesabu kitambaa, mpaka wamepima kilomita moja kamili na kuweka alama. Baadaye mtu mzima aipande baiskeli hiyo mara tatu katika kilomita ile ile: bila mzigo, akiwa na mzigo wa kilo 15, na akiwa na mzigo huo kwenye mwinuko. Mwenye saa apime. Mimi huridhika na mwendo wa kilomita 12 kwa saa kwa mtu mwenye mzigo barabarani, lakini nisingependa mwanachuo auandike mwendo huo ubaoni. Darasa likipata 11 au 13, hiyo ndiyo iwe hesabu yao.

Tuchukue basi kilomita 12, na siku ya kwanza kutoka Ndanda hadi Mtama, ambayo ni kama kilomita 50. Kuendesha ni saa 4 na dakika 10. Mapumziko ya dakika kumi kila baada ya saa moja ni dakika 40. Pancha moja, kufungua tairi, kulitafuta tundu kwenye maji, kupaka solusheni, kungoja ikauke, kubandika kiraka na kujaza upepo, ni nusu saa. Jumla ni saa 5 na dakika 20. Aliyeondoka saa kumi na mbili na nusu atafika saa sita kasoro dakika kumi, wakati mpanda baiskeli wa kitabuni alikwisha kufika saa mbili nzima kabla yake. Saa mbili hizo ndizo za jua kali. Mwanafunzi aliyepata jibu la kwanza hakukosea kugawanya. Alikosa tu kuuliza swali linahusu nani.

Njia hii ya bonde la Lukuledi si mpya. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Lindi kwa miguu pamoja na watu waliokombolewa utumwani, nao wakaanza makazi Masasi. Misheni ya Wabenediktini iliyokuwa Nyangao ilichomwa moto mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, na mwaka uliofuata misheni ya Ndanda ikaanzishwa. Mwaka huo huo wa 1906 Mjerumani Karl Weule, mchunguzi wa mila za watu, alitembea kutoka Lindi hadi Masasi na baadaye akapanda Newala. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili atayapata hayo yote yamepangwa kando ya barabara moja. Lakini namwomba asiyageuze kuwa orodha ya tarehe za kukariri, bali watoto wakadirie: msafara wenye wapagazi, ukienda kilomita 20 kwa siku, ulilala mara ngapi kati ya Lindi na Masasi, na kwa nini ulale karibu na mto?

Upande wa habari, Ndanda ina bahati kuliko vijiji vingi. Hospitali yake huvuta watu kutoka pande zote za Kusini, na kila siku nje ya malango yake hukaa jamaa waliosindikiza wagonjwa, ambao jana au juzi wamepita katika barabara hizo hizo. Mwalimu mwenye busara, baada ya kuomba ruhusa na kuwafundisha watoto kutowasumbua wenye huzuni, aweza kuwatuma wanne au watano kwenda kuuliza. Wafundishwe pia kuyapokea majibu. Mtoto akisema, "Shikamoo babu, kutoka Mtama hadi hapa ni kilomita ngapi?" yumkini atajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu. Kwa baiskeli, ukiondoka alfajiri, jua likikaribia utosini umefika." Nimeona walimu wakilikataa jibu la namna hiyo kwa kuwa halina kilomita. Lakini ndani yake mna mapumziko, mna mlima na mna jua. Tena likilinganishwa na hesabu ya saa 5 na dakika 20 tuliyoifanya hapo juu, litaonekana kuwa karibu nayo mno. Jibu hilo liandikwe ubaoni kando ya hesabu.

Kwa makundi yanayopita Lindi hapana budi kuzungumza habari za upepo, somo ambalo wanafunzi wa bara hulikariri bila kulielewa. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Manahodha wa majahazi walipanga mwaka wao wote kwa pepo hizo mbili. Mpanda baiskeli naye ana kisa nazo, ingawa hana tanga. Mwezi wa Juni anayetoka Lindi kwenda Kilwa anasukumwa mgongoni. Anayekwenda Mikindani anapigwa usoni, na ule mwendo wa kilomita 12 waweza kushuka hata kufikia 9. Kundi la Mikindani likigundua hilo lenyewe, kwa kuiweka mishale ya upepo juu ya ramani, halitalisahau neno "kusi" maishani. Hali kadhalika asubuhi kuna utulivu kuliko alasiri, kwa hiyo upepo pia unaamuru watu waondoke mapema.

Kuhusu majira sitasema mengi. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mwezi wa Juni ni mkavu tena una ubaridi. Yafaa hata hivyo watoto waambiwe kwamba kalenda si dhamana. Kimbunga kilipiga Lindi mwezi wa Aprili 1952, na mwezi wa Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa. Mpango wa kundi la Kilwa usiokuwa na mtu wa kuulizwa habari za barabara siku mbili kabla ya kuondoka, mimi nisingeutia alama ya vema.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikubaliani kabisa na baadhi ya wenzangu. Wapo wanaosema kwamba ikiwa watoto ndio waliopanga, basi watoto ndio waende, la sivyo kazi yote imekuwa ya mezani. Hoja hiyo ina utamu wake, lakini barabara ya leo haiiruhusu. Katika miaka ya hivi karibuni makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma yamekuwa yakisafirishwa kwa malori kwenda bandari ya Mtwara, na malori hayo hupita Masasi, Ndanda na Mingoyo, mengi yakiwa na tela. Ukingo wa lami mahali pengine ni mwembamba. Lori moja likipishana na jingine, mwenye baiskeli hana nafasi ila kushuka kabisa na kusimama majanini. Mtu mzima aliyefundishwa atalifanya hilo mara thelathini kwa siku bila kuchoka. Mtoto wa miaka kumi na mmoja atalifanya mara kumi, na mara ya kumi na moja atataka kuonyesha ushujaa. Hakuna lengo la somo linalostahili hatari hiyo. Watoto wapande baiskeli katika njia za kijijini wakipima mwendo, nao watakuwa wamefanya sehemu yao kwa vitendo. Barabara kuu iwe ya wanachuo.

Na wanachuo waende kweli. Hapo ndipo kazi yote ilipo, kwa maana mpango usiojaribiwa na mtu ni insha tu. Wapande wawili au watatu, mmoja mmoja kwa mstari, wakiwa na nguo za rangi inayoonekana, na wakiwa wamefika malazini kabla ya saa kumi na moja jioni. Waufuate mpango wa kundi moja kama ulivyoandikwa, hata pale wanapodhani wao wana akili zaidi, ila usalama ukidai vinginevyo. Wachukue daftari na kuandika saa ya kufika kila kijiji, maji yaliyonywewa, pancha zilizotokea na majina ya mahali palipokuwa na kisima. Shule ikifunguliwa, daftari hilo lirudishwe kwa watoto waliopanga, wakae nalo kipindi kizima, na walinganishe safu mbili: tulivyosema na ilivyokuwa.

Najua mwanachuo atasema kwamba mkaguzi wake anataka andalio la somo la dakika 40 lenye lengo moja linalopimika, na kwamba mtihani wa mwisho hauulizi habari za kusi wala solusheni. Yote mawili ni kweli. Lakini hakuna kipindi katika majuma hayo matatu kisichoweza kuandikiwa andalio lake: leo kipimo cha ramani, kesho mzingo wa duara kwa kutumia gurudumu, keshokutwa uzito na ujazo kwa kutumia maji, siku ya nne wastani wa mwendo. Yote yamo katika mafunzo ya shule ya msingi. Miaka iliyofuata Azimio la Musoma la 1974, walimu wengi wa nchi hii walisomeshwa wakiwa kazini vijijini, wakitembelewa na wakufunzi waliozunguka shule hadi shule, na baiskeli ilijulikana vizuri katika kazi hiyo. Ingekuwa ajabu kama mwalimu wa leo angeiona kuwa si zana ya kufundishia.

Vipuri navyo viandikwe kwa makini: pampu, viraka, solusheni, spana, spoku mbili tatu na mpira wa ndani wa akiba. Hapa kuna mtego ambao watoto huupenda wakiisha kuugundua. Baiskeli tatu zikiwa na magurudumu ya inchi 28 zote, mpira mmoja wa akiba unatosha watu wote. Moja ikiwa ya inchi 26, hapana budi kubeba wa pili, na bei yake iingie katika fedha za safari.

Mwisho ni marejeo, ambayo karibu kila kundi huyasahau kwa sababu kitabu nacho humwacha mpanda baiskeli mji B. Kutoka Lindi hadi Ndanda njia ni ya kupanda bonde, kwa hiyo saa za kwenda hazitumiki kwa kurudi. Kundi liamue kama wasafiri watarudi kwa baiskeli kwa siku tatu badala ya mbili, au kwa basi. Wakichagua basi, mtoto mmoja aende kituoni na mzazi wake akaulize nauli ya mtu, na nauli ya baiskeli iliyofungwa juu ya basi, na kama siku ya gulio nafasi ya baiskeli huwa ipo.